Ufunguo wa Ghala

Maktaba za vyuo vikuu nchini Kenya huanza mwaka kabla mwaka haujaanza. Ikifika Septemba au Oktoba, sisi wakutubi tunaletewa jedwali: safu ya kwanza ina majina ya hifadhidata za majarida, ya pili bei ya mwakani kwa dola, ya tatu mchango wa kila chuo kwa shilingi. Kabla ya Krismasi kila mkutubi awe amesema chuo chake kitachukua nini, na mkuu wa fedha wa chuo hicho awe amekubali, walau kwa mdomo. Tunakaa vikao, tunavutana, tunatia sahihi. Januari milango ya majarida hufunguka kwa walioahidi. Disemba hufungwa, nasi tunarudi mezani kuanza upya.

Mimi ni mtu wa Hewani, kando ya Mto Tana, mwendo wa bodaboda kutoka Garsen. Likizo moja nilikuwa nyumbani na jedwali hilo ndani ya kompyuta, na wazee wangu wawili wakaniuliza juu yake. Mjomba, ambaye ni mhubiri wa zamu katika kanisa la Kimethodisti, alitaka kujua tunautoa wapi ujasiri. "Mwanangu, mnaandika mpaka Disemba ya mwakani. Hiyo Disemba nani amewapa?" Baba hakujishughulisha na Disemba. Yeye ni mkulima, alitaka kujua mali iko wapi. "Na mkishalipa, mwaka ukaisha, mnabaki na nini mkononi?" Nikamweleza kwamba sehemu kubwa ya majarida yale hatuyanunui, tunayakodi, tusipolipa tena, yanafungwa. "Basi mnalima shamba la kukodi," akasema, "na mwenye shamba hamjamwona."

Mjomba aliuliza swali la imani, baba akauliza swali la mali. Ninachodai hapa ni kwamba maswali hayo mawili ni moja, na kwamba anayelijibu la pili vizuri amekwisha kulijibu la kwanza.

Nianze na Disemba ya mjomba. Waraka wa Yakobo unawaonya wafanyabiashara wanaojigamba kwamba watakwenda mji fulani, watakaa mwaka na kupata faida, ilhali hawajui hata ya kesho. Waislamu wa Garsen, ambao baadhi yao ni ndugu zetu wa damu, wanafundishwa katika Sura ya Al-Kahf kwamba mtu asiseme atalifanya jambo kesho bila kuliweka chini ya mapenzi ya Mungu. Vitabu viwili, onyo moja. Ukilisoma haraka utadhani mipango ya mwaka ni aina ya kufuru, na kwamba mkutubi mcha Mungu angefaa alipe bili ya mwezi huu na kunyamaza.

Tena maisha yenyewe huonekana kumpa mjomba ushahidi. Anayepanga mwaka maktabani anapanga kwa kalenda mbili zisizopatana. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai na kuishia Juni, wakati usajili mwingi wa majarida huanza Januari na kuishia Disemba. Bili huja katikati ya mwaka wa fedha, wakati ambao pesa za nusu ya kwanza zimekwisha kuliwa na mishahara na zile za nusu ya pili hazijashuka. Juu ya hayo kuna dola. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160. Haikupita miezi mingi ikashuka hadi karibu 130. Mkutubi aliyekimbizana na mkuu wa fedha ili alipe mapema alilipa zaidi. Aliyezembea hadi Aprili akapata afueni. Hakuna hekima ya bajeti inayoweza kukuandaa kwa hilo, na mtu wa dini akilisikia atatikisa kichwa na kusema: si tuliwaambia?

Lakini mjomba mwenyewe ni mkulima wa mto, na hakuna mkulima wa mto asiyepanga. Maji ya Tana hupanda mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli. Mpunga wa kienyeji hupandwa kwenye mabonde yanayoloa, ndizi na miembe hushika kingo zilizoinuka. Mwenye akili huwa na kipande chini na kipande juu: mafuriko yakizidi atapoteza cha chini, yakikosekana cha juu kitamsaidia kidogo. Mbegu hutengwa kabla ya kula. Hayo yote ni mpango wa mwaka, ijapokuwa hauna jedwali. Anaposema "Mungu akipenda" hasemi kwamba hatapanda. Anasema kwamba akishapanda, mavuno si haki anayoweza kumdai mtu.

Kwa hiyo onyo la vitabu vile halimwendei apangaye. Linamwendea asemaye kama kwamba yuko peke yake duniani: hana Mungu juu yake wala jirani pembeni yake. Wafanyabiashara wa Yakobo wanazungumza juu ya faida yao tu. Dini zenyewe zina bajeti ya mwaka. Mwislamu huhesabu zaka ya mali yake ikishatimiza mwaka mzima wa mwezi mwandamo. Sheria ya Musa ilimtaka mkulima asivune pembe za shamba lake, awaachie maskini na mgeni. Angalia kinachopangwa katika bajeti hizo. Hakuna mahali ambapo mtu anaambiwa apange faida yake. Anaambiwa apange fungu la mwenzake, na alipange mapema, kabla njaa haijabisha hodi na kabla hajapata sababu nzuri za kukataa.

Hapo ndipo nafika kwenye swali la baba, na njia ya kufikia hapo inapitia Misri.

Vitabu vyote viwili, Biblia na Kurani, vinamsifu mtu mmoja kwa mpango wa miaka 14: Yusufu, aliyetafsiri ndoto ya mfalme, akaweka akiba katika miaka 7 ya shibe ili watu waokoke katika miaka 7 ya njaa. Mahubiri mengi juu ya mipango huishia hapo. Ila kitabu cha Mwanzo hakiishii hapo. Kinaendelea hadi sura ya 47, sura ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa kwenye uzinduzi wa mpango mkakati wowote. Nafaka iliyowekwa ghalani ilikuwa imelimwa na Wamisri wenyewe. Moja ya tano ilichukuliwa kwao. Njaa ilipokuja waliuziwa. Kwanza walitoa fedha zao zote. Zilipokwisha wakatoa mifugo. Mifugo ilipokwisha wakatoa ardhi yao na miili yao, wakawa watumwa wa Farao, nao wakashukuru kwa kuokolewa. Mpango ulikuwa kamili. Hesabu zilitimia. Watu hawakufa. Lakini ghala lilikuwa na ufunguo mmoja, na aliyeushika aliibuka na nchi nzima.

Sijui simulizi jingine la kale linaloieleza biashara ya majarida ya kitaaluma kwa usahihi kama hili. Mhadhiri analipwa mshahara na chuo, mara nyingi kwa kodi ya wananchi. Anafanya utafiti, anaandika makala, anaipeleka kwa jarida. Wahadhiri wenzake wanaipitia bila malipo na kutoa maoni. Mchapishaji anaihariri, anaipanga, anaiweka kwenye hifadhidata yake. Kisha chuo kilekile kinaletewa bili ili wahadhiri na wanafunzi wake waisome. Nafaka ya mkulima inarudi kwake kwa bei, na bei inapangwa na mwenye ghala.

Wakutubi wa Kenya hawakukaa wakitazama. Mwaka 2003 waliunda muungano unaojulikana kwa kifupi kama KLISC, unaokusanya maktaba za vyuo vikuu, vyuo vingine na taasisi za utafiti. Leo wanachama wake ni zaidi ya 100. Wazo lake ni jepesi: badala ya kila chuo kwenda peke yake mlangoni kwa mchapishaji, wote waende pamoja na kugawana gharama. Mwanzoni wafadhili wa Ulaya walisaidia kulipa kupitia shirika la INASP la Uingereza. Polepole mzigo ukahamia mabegani mwa wanachama. Tanzania wana muungano wao, COTUL, na Uganda wana CUUL. Chuo kipya katika kaunti ya mbali, ambacho jengo lake la maktaba halijaezekwa, kinaweza kuwapa wanafunzi wake majarida yaleyale anayosoma mwanafunzi wa Nairobi. Hili si jambo dogo. Nimeona mwanafunzi wa uuguzi akipata ndani ya dakika chache makala ambayo mwalimu wake, enzi zake, angeingoja kwa posta kwa miezi.

Wala kushirikiana si jambo jipya kwetu. Kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Ukitaka udaktari ulikwenda Makerere, ukitaka sheria Dar es Salaam, ukitaka uhandisi Nairobi. Wakutubi wa nchi zote tatu walisomea ukutubi Makerere. Mpango ule ulivunjika kila nchi ilipotaka chuo chake, na tangu hapo tumekuwa tukirudi kidogokidogo, kwa mikataba na barua pepe, mahali ambapo wazee wetu walikwisha kufika.

Hata hivyo, kwenda pamoja mlangoni kwa mwenye ghala hakubadilishi nani ana ufunguo. Kunaleta kipimo kikubwa kwa bei nafuu. Na hata hicho kipimo kinazua swali gumu kuliko la bei: mwenzetu akishindwa kuchangia, tumfanyeje?

Nimeshiriki mjadala huo katika kikundi kimoja cha maktaba. Chuo kimoja kidogo kilikuwa hakijalipa mchango wake. Mkutubi mmoja, mtu mwadilifu ninayemheshimu, akasema: "Tukimbeba huyu, mwakani watano watataka kubebwa, na sisi tunaolipa tutaonekana wajinga." Mama mmoja mkongwe wa kazi hii akamjibu: "Mwanangu, aliyeshindwa kulipa ni ofisi ya fedha. Utakayemfungia mlango ni mtoto wa mtu." Wote wawili walisema kweli. Muungano usiodai michango hufa, na ukifa anayeumia wa kwanza ni yule mdogo aliyekuwa akibebwa. Tena kuna hesabu ya upande wa pili: gharama ikishagawanywa, mwanachama mmoja akitoka, fungu la waliobaki linakua. Kumfukuza maskini kuna bei yake, na wanaoilipa ni matajiri.

Tulikubaliana asubiriwe hadi Julai, mwaka mpya wa fedha uanze. Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini jinsi ulivyofikiwa ndiyo iliyoniudhi. Chuo kile kiliokoka kwa sababu mkutubi wake alijua kuzungumza na mama yule alikuwepo siku hiyo. Angekuwa mtu wa aibu, au mama angekuwa safarini, wanafunzi wake wangefungiwa. Huruma isiyoandikwa humwendea mwenye ulimi. Ndiyo maana zaka ina kiwango na pembe za shamba zina amri. Mpango wa pamoja wa mwaka ni mahali ambapo huruma inaweza kuandikwa wakati bado hatujui nani ataihitaji, na kwa kuwa yeyote kati yetu anaweza kuwa ndiye, tutaiandika kwa haki. Fungu la dharura, muda wa kusubiriwa, utaratibu wa mwanachama aliyekwama: haya yawe kwenye jedwali kabla ya majina ya hifadhidata. Hapa kutojua kesho, ambako mjomba alikuona kuwa hoja dhidi ya mipango, kunageuka kuwa sababu bora ya kupanga pamoja. Tungejua kila kitu cha mwakani, kila mmoja angejipangia mwenyewe.

Bado hatujafika kwa watu wasio mezani kabisa, na hapa nawasemea watu wa kwetu.

Delta ya Tana imeandikwa sana. Wataalamu wameandika jinsi mabwawa ya juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yalivyobadili mafuriko ambayo mpunga wetu unayategemea. Wameandika juu ya mbega wekundu wa Tana, wasiopatikana kwingine kokote duniani. Wameandika juu ya mradi mkubwa wa mpunga wa mamlaka ya TARDA, ambao matuta yake yalibomolewa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Wameandika sana juu ya ugomvi wa wakulima na wafugaji. Watafiti huja Hewani na daftari, wanaketi chini ya mwembe, wanawauliza wazee maji yalifika wapi mwaka fulani, nani alikuwa na haki ya kupitisha ng'ombe kwenye malka ipi, yaani njia ya mifugo kwenda mtoni. Wazee wanajibu. Maelezo yao yanakuwa takwimu, takwimu zinakuwa makala, na makala inaingia ghalani. Nikiwa chuoni naweza kuifungua kwa kubofya mara moja. Baba, ambaye huenda jibu lake limo ndani, ataombwa alipe kwa dola.

Kuna kejeli ya ajabu hapa. Mwishoni mwa karne ya 19 mmisionari Mjerumani Ferdinand Würtz, wa misheni ya Neukirchen iliyokuwa Ngao, aliandika sarufi na msamiati wa Kipokomo, lugha yetu, kwa Kijerumani. Haki za maandishi yake zilikwisha zamani. Yeyote anaweza kuyachapa upya bila kumwomba mtu ruhusa. Makala ya mwaka jana juu ya mafuriko ya Hewani, iliyoandikwa na Mkenya kwa pesa za Wakenya, inaweza kuwa imefungwa. Mkoloni wa zamani anasomeka bure, jirani wa leo hasomeki. Na vitu vyetu vingine haviko hata kwenye majarida: ngoma takatifu ya Wapokomo, ngadji, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 na inahifadhiwa British Museum, London. Anayetaka kuiona anaomba ruhusa kwa mtunzaji.

Narudi kwenye sura ya 47, kwa sababu ina mstari mmoja unaotuhusu sisi wakutubi na wahadhiri kuliko mingine. Wamisri wote waliuza ardhi yao isipokuwa kundi moja: makuhani. Wao walikuwa na posho yao kutoka kwa Farao, wakala, ardhi yao ikabaki. Kwa hiyo njaa ilipita nchini nao wasiisikie tumboni. Sisi wenye nywila ndio makuhani hao. Posho yetu ya majarida inakuja kila Januari, na maadamu inakuja, hatuoni vizuri kwamba nje ya lango la chuo watu hawana kitu. Mwalimu wa sekondari Garsen, muuguzi wa zahanati, afisa wa kilimo, mzee wa baraza letu la gasa anayesuluhisha kesi ya mpaka: hawa wote wanayahitaji maarifa yaliyo ghalani kwa kazi ya kesho asubuhi, na hakuna hata mmoja aliye kwenye jedwali letu.

Mkutubi mwenzangu atasema mikataba mingi inamruhusu mgeni yeyote anayeingia maktabani kusoma kwenye kompyuta za humo. Ni kweli, na ni kifungu kizuri tunachokitangaza kidogo mno. Lakini kutoka Hewani ni bodaboda hadi Garsen, kisha basi la kwenda Malindi na Kilifi, ukamkute askari getini atakayekuuliza kitambulisho cha mwanafunzi. Haki inayodai nauli ya basi na ujasiri wa kubishana na askari ni haki ya wachache.

Atasema pia kwamba wachapishaji wana gharama, na kwamba hata makala huria ina anayeilipia. Siku hizi baadhi ya majarida humtoza mwandishi ili msomaji asome bure, na mwandishi wa kwetu hana hizo pesa. Ni kweli vilevile. Farao naye alikuwa na gharama za kujenga maghala. Sidai kwamba nafaka haina bei. Nadai kwamba anayelima asipokuwa na hata ufunguo mmoja, kila mpango mzuri unamzidishia utumwa, na ubora wa mpango ndio unaoficha jambo hilo.

Je, kuna mpango wa pamoja ambao ufunguo ulibaki mikononi mwa waliolima? Nitaje wa kwetu, wenye kasoro zake zote. Agosti 2012 kijiji cha wafugaji Waorma cha Reketa kilishambuliwa na watu wa upande wetu, watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo. Hadi mapigano yalipotulia, waliokufa walikuwa wamepita 100. Ilikuwa ni mwaka uleule ambao delta, hekta 163,600, iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Ulimwengu ulijua thamani ya mahali hapa siku ambazo sisi wenyewe tulikuwa tunazikana. Baadaye ukaja mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, uliozinduliwa mwaka 2015 baada ya vikao vingi vijijini: wapi palimwe, wapi ng'ombe wapite kufikia maji, wapi paachwe. Haukumaliza ugomvi, kiangazi kikikaza bado utasikia kesi za malka. Ila ukilinganisha na mradi wa TARDA wa matuta yaliyobomoka, tofauti iko wazi. Ule wa kwanza ulichorwa na wahandisi ambao maji yakija hawangelala juu ya paa. Huu wa pili uliwaweka mezani Mworma na Mpokomo, watu ambao mpango ukivunjika ni wao watakaozika. Mpango una uzito pale ambapo anayeupanga ni yuleyule atakayeumia ukishindwa.

Kipimo hicho nakileta maktabani, na kinadai mambo mawili.

La kwanza ni ghala letu wenyewe. Vyuo vingi vya Kenya sasa vina hifadhi za kidijitali ambamo tasnifu na makala za wahadhiri huwekwa wazi kwa yeyote. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina maelfu ya kazi. Lakini katika mipango ya mwaka hifadhi hizi hupata makombo: seva ya zamani, kijana mmoja wa mkataba, hakuna mwanasheria wa kumweleza mhadhiri ni nakala ipi ya makala yake anaruhusiwa kuiweka wazi. Ikiwa muungano unaweza kukaa siku mbili kujadili bei ya hifadhidata moja, unaweza kukaa nusu siku kupanga hifadhi ya pamoja. Kinachowekwa humo hakizimwi Disemba. Hilo ndilo jibu pekee ninaloweza kumpa baba.

La pili ni pembe za shamba. Kila maktaba mwanachama itenge sehemu ya mchango wake, ndogo lakini ya kudumu, kwa ajili ya wasomaji walio nje ya lango: kuwapelekea walimu na zahanati za kaunti nakala wanazoruhusiwa kuzisoma, kumtaka mtafiti aliyekusanya maelezo kijijini aandike muhtasari kwa Kiswahili na kuurudisha, kuweka kwenye mkataba kifungu cha wageni kinachomtambua msomaji wa Garsen hata kabla hajapanda basi. Upande wa juu wa mto huu huu, maktaba ya taifa ilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Walioipanga huduma ile hawakungoja mfugaji aje mjini.

Mtu wa dini atauliza kama haya hayageuzi imani kuwa kazi ya ofisi. Sioni ubaya. Imani inayobaki kwenye sala ya kufungulia mkutano, halafu ikatoka nje jedwali likiletwa, ni mapambo. Tunaomba baraka juu ya kikao, kisha ajenda ya kwanza ni madeni ya wenzetu na ya mwisho, saa kumi na moja jioni, watu wamekwisha kushika mikoba, ni "huduma kwa jamii". Mpangilio wa ajenda ni ungamo la imani kuliko sala yenyewe, kwa maana unaonyesha tunamwogopa nani.

Basi katika kikao kijacho nitapendekeza ajenda igeuzwe. Kwanza tuseme mwaka huu tumeweka nini katika ghala letu ambacho hakuna awezaye kukizima. Pili tuseme ni nani, asiye na nywila ya chuo chochote, amesoma kwa sababu yetu. Tatu tumsikilize mwanachama aliyekwama, kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya kujua jina lake. Ndipo tuite wachapishaji waje na bei zao. Mengine, dola ikiwamo, tutamwachia Mungu na Benki Kuu.